Navalayo Hakujua Kunong'ona

Madiwani wa Shihalwe walijifunza kuogopa chai ya watu kwa sababu ya muuza kuku mmoja aliyeitwa Navalayo. Shihalwe ni mji mdogo tu, ukitoka Mukumu kuelekea Shinyalu, na miaka hiyo ya tisini ulikuwa na soko, bucha, hoteli moja ya chai na jumba la bati jekundu ambamo baraza la mji lilikutana. Mimi nilikuwa nauza nyanya sokoni, mkabala na matenga yake ya kuku. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki nilisimuliwa na yeye. Kumsikia hakukuwa kazi. Navalayo akianza kuzungumza, mwenye bucha ng'ambo ya barabara aliacha kukata nyama asikilize.

Sauti ile aliipata kazini. Marehemu mume wake alikuwa na kisiagi cha mahindi, na kwa miaka mingi Navalayo ndiye aliyelisha mahindi kwenye mashine, injini ya dizeli ikinguruma ubavuni mwake kutwa nzima. Mume alipofariki mashemeji waliuza mashine, naye akaingia katika biashara ya kuku akiwa na masikio yaliyokwisha kuchoka. Ukitaka akusikie, ulipaza sauti. Na yeye alikujibu kwa sauti iyo hiyo, akiamini kabisa kwamba ndivyo watu wote wanavyozungumza. Padre alikuwa amemwomba kwa upole awe anakuja kuungama siku ambazo kanisa ni tupu.

Hakuwa mtu wa ugomvi hata kidogo. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, mwenye kitambaa cha njano kichwani, na alipenda watu. Ungepita na huzuni yako hapo, angekuita, angekushikisha kuku ili ajifunge leso kiunoni vizuri, na ukimrudishia kuku ungekuwa umeshasahau ulikuwa unaenda wapi.

Basi akatokea Phineas.

Phineas alikuwa mfanyabiashara wa Kakamega mjini. Alikuwa na pikapu ya kijani na alinunua kuku wa kienyeji kwa ajili ya hoteli za Kisumu na Nairobi. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu wa adabu, suti yake safi hata siku za matope, na alikumbuka majina ya watoto wako kuliko shangazi zao walivyoyakumbuka. Lakini alichoka kubishana bei na kila mwanamke mwenye tenga. Akawaza jambo: baraza lipitishe sheria ndogo kwamba kuku wote wa Shihalwe wauzwe kupitia banda moja. Banda alijenge yeye, alisimamie yeye, na bei aitaje yeye.

Kwa kawaida jambo kama hilo lingejadiliwa barazani milango ikiwa wazi. Lakini mambo ya Shihalwe yalikuwa yakifika barazani yameshaiva. Yalipikwa kwenye chumba cha nyuma cha hoteli, pazia likiwa limeshushwa. Tulimwona Phineas akiingia humo leo na diwani huyu, kesho na diwani yule, tukadhani wanazungumza siasa za vyama. Vyama vingi vilikuwa vimerudi juzi juzi tu, na kila mwanamume mwenye koti alikuwa na chumba cha nyuma anakoingia.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Mideva, msichana aliyeuza kuku karibu na Navalayo. Alikuwa amepeleka kuku jikoni pa hoteli, na jiko na kile chumba vilitenganishwa na mbao tu. Alirudi sokoni anahema.

"Jumanne wanapitisha!" alisema. "Kila kuku kwa banda la Phineas. Ukiuzia nje, askari wa baraza anakushika."

"Eti nini?" Navalayo aliuliza.

Mideva alirudia kwa nguvu, na hapo soko zima likajua.

Wanawake wa kuku walikusanyika. Mmoja alitaka waandamane, mwingine alitaka waende kwa D.O., mkuu wa tarafa. Wakazungumza wote kwa pamoja mpaka Mideva akauliza swali ambalo kila mtu alilielewa: kama Phineas anaweza kwenda kuwashawishi madiwani, wao nani amewakataza? Diwani si wa kwao pia? Si walimpigia kura? Wakakubaliana wamtume mtu kwa diwani wa hapo, Mheshimiwa Were, akamwombe akatae ile sheria. Wakamchagua Navalayo, kwa sababu alikuwa mkubwa wao kwa umri, na kwa sababu hakuna mtu angeweza kudai hakumsikia.

Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Wakamtoa jogoo mmoja mwekundu, mzito, mwenye manyoya ya shingo yanayong'aa, na Jumapili baada ya misa Navalayo akamkumbatia jogoo huyo, akashika njia ya kwa Were.

Mheshimiwa Were alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama mtu anayezungumza ndani ya maktaba. Nyumba yake iko kando ya njia itokayo kanisani, na saa hiyo watu walikuwa wanapita makundi kwa makundi. Alimpokea mgeni, akampokea na jogoo, akampa kiti sebuleni dirisha likiwa wazi. Navalayo akaeleza haja yake. Were akainama mbele.

"Mama, haya maneno tuyaongee polepole," alinong'ona.

"Eti?"

"Nasema, si mambo ya kuongea hapa."

"Si ya kuongea hapa?" Navalayo alishangaa. "Sasa tutayaongelea wapi, mheshimiwa? Si hapa ndiyo kwako?"

Nje, mama wawili walisimama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Were aliomba chai iletwe haraka. Akajaribu tena, mdomo karibu na sikio la mgeni. "Umechelewa, mama. Phineas nimeshampa neno."

"Umempa nne?"

"Neno."

"Kuku nne? Wewe ndiyo unampa yeye kuku?"

"Si kuku! Neno!"

"Mheshimiwa, mbona unakulanga maneno? Sema nisikie, mimi ni mama yako."

Mwalimu Were aliyefundisha miaka yote ile bila kumpigia mtoto kelele alisimama, uso umemwiva, akapaza sauti: "NENO! NIMEMPA PHINEAS NENO LANGU! NITAMUUNGA MKONO!"

Kwenye ua, kwaya nzima ya kanisa ilikuwa imesimama na vitabu vyake vya nyimbo. Mtu mmoja wa besi alikohoa. Were alitazama dirishani, akaketi.

"Ahaa," alisema Navalayo kwa furaha, "sasa nimesikia." Akanywa chai yake yote, akashukuru, akaaga, akawasalimu wanakwaya mmoja mmoja njiani.

Watu wengi waliniuliza baadaye kama alifanya makusudi. Nimemjua Navalayo miaka mingi, nami nawaambia: hapana. Alitaka tu kusikia.

Jumanne jumba la baraza lilijaa. Nyuma kulikuwa na mabenchi ya wananchi ambayo siku nyingine yalikaliwa na mzee mmoja aliyependa kulala mahali penye baridi. Siku hiyo mzee yule alikosa nafasi. Wauza kuku walikuja, kwaya ilikuja, mimi niliacha nyanya zangu kwa jirani nikaja. Phineas naye alikuwa amekaa pembeni na suti yake ya kijivu, akitabasamu kwa adabu.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Andati. Zamani aliendesha lori, na hata kitini aliketi kama dereva, viwiko nje. Alisoma jambo la banda la kuku, akauliza kama kuna wa kuliunga mkono. Were alisimama. Kabla hajafungua mdomo, Navalayo naye alisimama nyuma, akamsalimu.

"Mheshimiwa Were, mulembe! Yule jogoo nilikuletea Jumapili, mlimla?"

Jumba likalipuka kwa kicheko.

"Mama, keti," alisema Andati. "Wananchi hawasemangi hapa."

"Eti?"

"KETI!"

"Aa, mmemla. Alikuwa mtamu?"

Andati alianza kucheka, kisha akakunja uso. "Ngoja kwanza. Jogoo gani?"

"Jogoo wa kwenda kuongea naye," Navalayo alieleza. "Wenzangu walinituma nimwombe akatae hii maneno ya banda. Akaniambia amempa Phineas neno lake. Basi nilikuwa nataka kuuliza, mwenyekiti. Mimi nilipeleka jogoo na sikupata neno. Phineas alipeleka nini?"

Aliuliza vile vile anavyouliza bei ya mtama. Hakuna aliyecheka safari hii.

Andati aligeuka polepole. "Were, ulimla huyo jogoo?"

"Mama watoto alimpika," alisema Were kwa sauti isiyofika nyuma.

"Na Phineas je?"

Were alitazama kalamu yake. Alikuwa ameahidiwa mabati, akasema, ya kumalizia jiko. Hayajafika bado.

Nadhani mambo yangeishia hapo kama si jambo moja la kibinadamu. Andati, mwenyekiti mzima, aligundua wakati huo kwamba katika chumba cha nyuma cha hoteli walikuwa wamealikwa watu wote isipokuwa yeye. Phineas alikuwa amehesabu kwamba kura zinatosha bila kumsumbua. Shingo ya Andati ilivimba.

"Nani mwingine amekula?" alinguruma.

Mzee Titus, diwani mkongwe kuliko wote, aliinua mkono. "Mimi nilikunywa chai na mandazi," alisema. "Na supu ya kichwa ya mbuzi." Akafikiri kidogo. "Nilirudia."

Baada ya Titus ikawa kama ushuhuda kanisani. Mmoja alisimama akasema alipewa lifti mpaka Kisumu na kurudi. Mwingine alisema ni mashati ya timu ya mpira ya vijana wake. Kila aliyesimama aliketi akiwa amepumua, na wananchi kwenye mabenchi walianza kuitikia. Phineas hakukimbia. Alikaa pale pale, akifuta paji la uso kwa kitambaa, na ilipofika zamu ya mashati hata yeye alisema taratibu, "Na mpira mmoja."

Andati aliahirisha jambo. Halafu akaelekeza kidole nyuma. "Na wewe, mama. Usifikiri umepona. Huyo jogoo pia ni hongo."

Navalayo aliketi kama mtu aliyesukumwa.

Tulitembea naye kurudi sokoni akiwa kimya. Hakuna aliyewahi kumwona Navalayo akiwa kimya, na watu walitoka madukani kuangalia kuna msiba gani. Alifungua matenga yake, akawamwagia kuku maji, akakaa juu ya kigoda. Kitambaa cha njano kilikuwa kimemshukia usoni na hakukirudisha.

"Mimi nilijua ni adabu," aliniambia mwishowe. Kwa mara ya kwanza sauti yake iliishia kwangu tu. "Unaenda kwa mtu, unabeba kitu. Mama yangu alinifundisha hivyo. Sasa yule anasema mimi na Phineas ni kitu kimoja."

"Wewe ulisema mbele ya watu," nilimwambia. "Phineas alificha."

"Lakini yule jogoo nilimpeleka ili Were anisikie mimi asimsikie yeye. Si ndivyo?" Akanitazama. "Ni kweli. Andati amesema kweli."

Hakulala vizuri siku hizo, alisema mwenyewe. Lakini Navalayo hakuwa mtu wa kukaa na jambo tumboni. Baraza lilipokutana tena alikuwa benchi la mbele, akainua mkono kama mwanafunzi mpaka Andati akachoka kumkwepa.

"Nimefikiria," alisema. "Mtu asibebee diwani kitu. Kuku, mabati, hata ndizi. Na kama umeenda kumwona diwani juu ya maneno ya baraza, kabla hawajaanza kupiga kura, simama hapa useme. Mimi ni fulani, nimetumwa na fulani, nataka hivi, tumeongea hivi. Basi. Halafu wapige kura yao."

Were alisimama kupinga, na hakupinga kwa ubaya. "Watu watatuogopa," alisema. "Mtu ana shida zake za nyumbani, mtoto amefukuzwa shule, anakuja kwangu. Mnataka asimame mbele ya kwaya?"

Watu waliguna. Ilikuwa hoja nzuri. Andati alikuna kidevu.

"Shida ya nyumba yake ni yake," alisema hatimaye. "Hiyo mwongee hata chini ya kitanda. Lakini kitu ambacho sisi tunapigia kura hapa, hicho ni cha kila mtu. Kwa hicho, asimame."

Joash, karani wa baraza, kijana nadhifu aliyependa taratibu, aliinuka kukumbusha kwamba sheria ndogo yoyote lazima ipelekwe Nairobi kwa waziri ikubaliwe. Basi ikapitishwa, ikapigwa chapa, ikapelekwa. Jibu halikuja mwaka ule, wala uliofuata. Joash aliandika kuulizia, na jibu la kuulizia nalo halikuja. Andati akasema jibu lililochelewa si jibu lililokataa, na kwamba wakati wanangoja ruhusa ya kuwa waaminifu, waendelee tu kuwa waaminifu kama mazoea. Ndivyo ilivyobaki. Shihalwe haikuwa na sheria hiyo, ilikuwa nayo kama desturi, na hata askari mpya wa baraza aliyekuja kutoka Lugari aliikuta na kudhani imekuwako tangu enzi za mzungu.

Mtu wa kwanza kusimama chini ya desturi hiyo alikuwa Phineas mwenyewe. Alivaa suti yake nzuri zaidi. "Naitwa Phineas," alisema. "Sijatumwa na mtu. Nataka banda, kwa sababu nikinunua mahali pamoja gari langu halizunguki. Faida ni yangu. Nimemwona Mheshimiwa Titus, na safari hii tulikunywa maji." Akaketi. Tulimpigia makofi kwa mshangao tu, na akainama kidogo kama bwana harusi.

Na ajabu ni kwamba maneno yake yaliposemwa wazi hayakuwa mabaya yote. Mvua ya kwetu mnaijua. Kila alasiri ya masika kuku walilowa, na sisi tulilowa pamoja nao. Navalayo aliomba nafasi.

"Banda tunataka!" alisema. "Mwenye banda ndiyo hatutaki."

Wakapigana maneno juma hilo na juma lililofuata, wote wakiwa wamesimama na kutaja wametumwa na nani. Mwishowe baraza likajenga banda lake lenyewe, la mabati na nguzo za mkaratusi, kila muuzaji akawa huru chini yake kutaja bei anayotaka. Phineas aliegesha pikapu yake mlangoni na kubishana na wanawake kama zamani, ila sasa alibishana akiwa mkavu. Alinunua kuku wengi wa Navalayo kuliko wa mtu mwingine. Alisema ni kwa sababu bei yake anaisikia tangu akiwa barabarani.

Habari za Navalayo zilienea, na watu wakaanza kumtafuta awasemee. Mwenye malori ya miwa mmoja kutoka upande wa Butere alikuja kumwomba awashawishi madiwani wamruhusu kupita katikati ya mji siku za soko, afupishe njia. Alimpa leso mpya. Navalayo alikubali kazi, akaenda barazani, akasimama.

"Leo nimetumwa na mwenye malori," alitangaza. "Anataka kupita sokoni. Amenipa leso hii nimevaa." Akazunguka polepole ili kila mtu aione nyuma na mbele. "Mimi sidhani ni vizuri apite, kuku wataumia. Lakini nimemaliza kusema alivyonituma."

Ombi lilikataliwa. Leso ilisifiwa. Mwenye malori alitaka kurudishiwa leso yake, na mjadala wa kama arudishiwe au la ulichukua muda mrefu kuliko ule wa malori.

Were aligombea tena uchaguzi wa mwaka wa tisini na saba. Aliwaambia watu kwamba sasa haendi hata mazishini bila kubeba chakula chake mwenyewe. Watu walicheka, wakamchagua. Jiko lake alilimalizia kwa nyasi.

Muda mfupi baada ya uchaguzi huo walikuja wageni, madiwani wa mji mmoja wa jirani. Walikuwa wamesikia kwamba Shihalwe madiwani hawahongwi, wakataka kujionea muujiza. Waliketi mbele wamevaa tai. Bahati yao, jambo la siku hiyo lilikuwa choo cha soko: kama mlango wake ufunguke kwa ndani au kwa nje. Fundi seremala alisimama akasema amezungumza na diwani mmoja na anapendelea nje. Mama mmoja wa mboga alisimama akasema amezungumza na diwani yule yule na anapendelea ndani. Titus aliuliza bawaba zinatoka wapi. Joash alisoma barua ya bawaba. Mgeni mmoja alianza kusinzia, mwingine akamwamsha, kisha akasinzia yeye.

Katikati ya mambo Navalayo aliondoka kwa sababu pikapu ya Phineas ilikuwa imepiga honi.

Baada ya kura, mkuu wa wageni alimwendea Andati mlangoni, akimpa mkono. "Mwenyekiti, asante sana," alisema. "Lakini hii ndiyo yote?"

"Ndiyo hii," alisema Andati. "Ukitaka yenye chumba cha nyuma, utafute mji mwingine." Akawaelekeza hoteli, wakaenda kunywa chai, kila mtu akajilipia.